Bastola ya Mdachi na Njia ya Tunduma

Mwenye kununua bastola ya kale ya kijeshi haanzi kwa shabaha, huanza kwa kusoma. Katika minada ya Ulaya na Marekani, ambako biashara hii ina sheria zake na wateja wake, mnunuzi aliyekomaa huipokea Luger juu ya kitambaa, hutoa kasha la risasi, huvuta mtambo na kuhakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chumba cha risasi ki tupu. Kisha huvaa miwani na kutafuta namba. Namba kamili imepigwa kwenye fremu na kwenye mtutu. Tarakimu mbili za mwisho zimerudiwa kwenye vipande vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine. Zikilingana zote, bastola ni ile ile iliyotoka kiwandani. Zikitofautiana, basi imeungwaungwa kutokana na mabaki ya nyingine, na bei yake huporomoka.

Namba hizo hazikupigwa kwa urembo. Silaha hii, iliyobuniwa na Georg Luger na kukubaliwa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908, ilisawazishwa kwa mkono wa fundi. Kipande cha bastola moja hakikuaminika kukaa sawasawa katika nyingine, kwa hiyo kila kimoja kilipewa alama ya kurudishwa kwa mwenziwe baada ya usafi. Juu ya chumba cha risasi, katika zile za jeshi, mara nyingi pamepigwa pia mwaka wa kutengenezwa.

Silaha za namna hiyo zilivuka mpaka wa kusini-magharibi ya Tanzania mwezi Novemba 1918, katika nchi ambayo Chapwa imo. Leo Chapwa ni sehemu ya mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na msafiri hukutana na foleni za malori yanayosubiri kuingia Zambia. Mpaka wenyewe una udugu na Visiwani. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, uliompa Mjerumani kisiwa cha Heligoland na kuitia Zanzibar chini ya ulinzi wa Uingereza, ndio huo huo uliochora mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, Waingereza wakibakiza upande wao njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson. Kwa wino mmoja Mzanzibari na Mnyamwanga waligawiwa mabwana, na hapana hata mmoja wao aliyeulizwa.

Vita vilipozuka mwaka 1914 mstari huo uligeuka uwanja wa mapigano. Ng'ambo, karibu na Nakonde ya leo, palikuwa na kituo cha Waingereza kilichoitwa Fife. Miaka minne baadaye jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilirudi kutoka Msumbiji, likapita Njombe, likafika Mbozi, na siku za mwanzo za Novemba 1918 likakishambulia kituo cha Fife bila ya kukiteka. Likaendelea kusini hadi Kasama. Huko, karibu na mto Chambeshi, ndiko lilikopata habari kwamba vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha tangu tarehe 11.

Ili kufahamu ni chuma cha aina gani kilichobebwa katika njia hiyo, inafaa kuitazama Luger inavyofanya kazi, na inavyokataa kufanya kazi. Bastola hii ina goti. Nyuma ya mtutu pana vipande viwili vilivyoungwa kwa kiungo, navyo hunyooka wakati wa kufyatua. Risasi ikitoka, mtutu hurudi nyuma kidogo pamoja na goti hilo. Likigonga miteremko miwili ya chuma iliyo kwenye fremu, goti hukunjika kuelekea juu, ganda tupu likatupwa nje. Springi hulinyoosha tena, nalo likisonga mbele huchukua risasi nyingine katika kasha lenye risasi nane. Kwenye ubavu wa kushoto, neno la Kijerumani lenye maana ya "imepakiwa" huonekana risasi ikiwa chumbani, na jingine lenye maana ya "imefungwa" huonekana kifungo cha usalama kikiwekwa. Ni bastola inayosema na mwenye kuishika, madhali ajue kusoma.

Goti hilo ndilo fahari yake, na ndilo udhaifu wake. Wakusanyaji hulalamika sana kwamba hukwama, na mara nyingi lawama huangukia mtambo ilhali kosa ni la kasha. Springi ya kasha ikilegea, au midomo yake ikipinda, risasi haipandi kwa wakati na goti hujifunga juu ya utupu. Kosa la pili ni baruti hafifu: mshindo ukiwa mdogo, goti halikunjiki hadi mwisho na ganda hubanwa njiani. Kosa la tatu ni uchafu, au mafuta mazito yaliyoganda baada ya miaka mingi kabatini. La nne ni lile la namba, yaani kipande kigeni kilichotiwa mahali pasipo pake. Mkusanyaji mwenye subira hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja: kwanza kasha, halafu risasi, halafu springi, na baada ya hapo humwachia fundi mwenye leseni. Anayebadilisha yote kwa pamoja, hata akifaulu, hajui kilichomponya mgonjwa wake.

Liko pia kosa la mtutu. Fataki za zama zile ziliacha chumvi ndani ya chuma, na chumvi huvuta maji ya hewani. Katika masika ya Afrika Mashariki, mtutu usiosafishwa siku ile ile uliliwa na kutu kwa ndani, na vijishimo vyake havifutiki milele. Mtutu unaong'aa katika bastola inayosemekana imetoka katika vita vya hapa unastahili kuulizwa maswali mawili matatu.

Jeshi la Mdachi liliyajua matatizo ya namna hii kwa kiasi ambacho hakuna mkusanyaji atakayekifikia. Lilikuwa limezingirwa na manowari za Kiingereza. Mwezi Aprili 1915 meli Rubens, iliyojibadilisha jina kuwa Kronborg, ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Shehena yake ya bunduki na risasi iliopolewa baharini, nayo ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, maganda yakasafishwa, yakafungwa upya. Palipokosekana cha kuopoa, adui ndiye aliyekuwa ghala. Tarehe 25 Novemba 1917 kambi ya Wareno ilitekwa Negomano, ng'ambo ya mto Ruvuma, na askari wengi wakatupa bunduki zao chakavu wakachukua za Wareno.

Hapa pana mtego kwa wanaodhani kila Luger iliyookotwa katika nchi hii ni ya Mjerumani. Jeshi la Ureno nalo lilinunua Luger kwa ajili ya maofisa wake kuanzia mwaka 1909, na juu ya chumba cha risasi zilipigwa taji na alama ya mfalme wao, Manuel wa Pili. Mfalme huyo alipinduliwa mwaka 1910, lakini taji lake lilibaki juu ya chuma. Vipimo vilitofautiana pia: ya jeshi la Kijerumani ilipokea risasi ya milimita 9, na ya jeshi la nchi kavu la Ureno milimita 7.65. Chuma chenyewe kinajua kilikotoka. Anayekiokota ndiye anayekipa historia isiyo yake.

Safari hiyo ilikwisha Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya Negomano. Mzinga uliokabidhiwa ulikuwa mmoja tu, tena wa Kireno. Bombom, kama askari walivyoziita, zilikuwa 37, na 30 kati yake zilikuwa za Waingereza. Bunduki zilikuwa 1,071, za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Mdachi lilikuwa limekwisha kuwa jeshi la silaha za watu wengine.

Bastola zilibaki. Sharti moja la Jenerali van Deventer lilisema kwamba, kwa kuheshimu jinsi walivyopigana, maofisa na Wazungu wengine wa jeshi hilo waruhusiwe kushika silaha zao binafsi mpaka wafike Dar es Salaam. Askari 1,168 waliweka bunduki zao chini palepale. Wapagazi, waliokuwa wengi kuliko askari, hawakuwa na silaha ya kuweka. Waliweka mizigo. Heshima nayo ilikuwa na daraja zake, na daraja hizo zilipimwa kwa nani abaki na chuma kiunoni.

Askari walikuwa wakidai mishahara ya muda mrefu. Lettow aliomba fedha za kuwalipa, hakupewa, basi waliandikiwa hati za madai. Kisha wakaingizwa katika makambi wakati ule ule homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918 ilipokuwa ikiifyeka dunia, na wengi waliovuka risasi za miaka minne walizikwa kwa kikohozi cha siku nne. Sehemu ya deni ililipwa katika miaka ya 1920. Lettow mwenyewe alifariki Hamburg mwezi Machi 1964, na vitabu vya vita hivyo husimulia kwamba mwaka huo serikali ya Ujerumani Magharibi ilitenga fedha kwa ajili ya askari waliokuwa hai. Wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare. Inasimuliwa kwamba mlipaji aliamua kumpa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Hakuna aliyekosea.

Kisa hicho kimezoea kusimuliwa kwa kicheko na kwa sifa ya utii. Kinafaa kusomwa kwa mizani nyingine. Bastola ina namba kwenye kila kipande, na baada ya miaka 100 mtu wa mbali huweza kuthibitisha kwamba sindano yake na mtutu wake ni ndugu. Mzee aliyebeba bunduki katika vita hivyo hivyo ilimlazimu kujithibitisha kwa ufagio. Na mpagazi je? Angepewa amri gani? Kubeba hakuna gwaride. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hivi wanakadiriwa kuzidi 95,000, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, katikati ya Dar es Salaam, huwataja wapagazi katika maandishi ya chini. Juu, kwenye shaba, amesimama mwenye bunduki.

Basi katika nchi ya Tunduma na Mbozi kununua bastola ya Mdachi si mchezo wa kabatini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na leseni, na uzee wa bastola hauifanyi isiue. Umoja wa Afrika nao umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wake, huhesabu kuwa masalio ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Bastola ya mwaka 1914 imeangukia baina: mbele ya sheria moja ni silaha, mbele ya nyingine ni changa mno. Vitu vya vita vile vinapofukuliwa na wanaotafuta "mali ya Mjerumani", huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au huuzwa gizani pamoja na hadithi ya uongo.

Anayeokota chuma cha namna hiyo shambani asikivute wala asikipige nyundo, maana risasi iliyolala miaka 100 inaweza kuamka. Apaache mahali palivyo, amwite mwenyekiti wa mtaa na polisi, na kabla ya chuma kuondolewa paandikwe kimekutwa wapi, kina gani, pamoja na vitu gani, na wazee wa hapo wanasema nini juu ya njia iliyopita shamba lile. Kitu kilichong'olewa mahali pake bila ya maandishi ni kama Luger ya namba mchanganyiko: kinaonekana kizima, lakini hakuna awezaye kusema ni cha nani.

Na wakati wazee hao wanaulizwa habari za chuma, waulizwe pia majina ya babu zao waliochukuliwa kubeba. Yaandikwe hayo nayo, jina moja baada ya jingine, kama fundi wa Berlin alivyopiga namba zake.