Mike Webster, mtu wa katikati

Katika futiboli ya Marekani karibu kila mchezaji ana hesabu yake. Mbeba mpira hupimiwa yadi alizokimbia, mrushaji huhesabiwa mipira iliyofika. Watano wanaosimama mbele ya mrushaji kumlinda hawana cha kuhesabiwa. Mtazamaji huwakumbuka wanapozembea. Wa katikati ndiye mwenye shida zaidi. Huinama, huupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, na kabla hajanyanyuka vizuri kichwa chake kimeshagongana na cha jitu lililo mbele yake. Kisha wanajipanga tena.

Mike Webster aliifanya kazi hiyo misimu 17. Alizaliwa mwaka 1952 huko Wisconsin, na Pittsburgh Steelers walimchukua mwaka 1974 katika raundi ya tano tu, kwani alionekana mdogo wa umbo. Huyo mdogo akatwaa Super Bowl mara nne. Wakati wa baridi kali alicheza mikono wazi, na Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, ukampenda kwa hilo.

Alistaafu baada ya msimu wa 1990. Yaliyofuata yanauma kuyasoma. Ndoa ilivunjika, fedha zikaisha, akawa analala ndani ya pikapu yake. Meno yalipong'oka aliyabandika kwa gundi. Maumivu yalipomnyima usingizi alijipiga shoti ya umeme mpaka azimie. Mwaka 1997 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, Canton, Ohio, akatoa hotuba ndefu iliyopotea njia.

Alifariki Septemba 2002, akiwa na miaka 50. Maiti yake ilifika mbele ya Bennet Omalu, daktari Mnigeria ambaye hata hakuwa mfuatiliaji wa mchezo huo. Ubongo, kwa kuutazama tu, ulikuwa wa kawaida. Mwingine angeufunga mkoba. Omalu aliagiza ukatwe vipande vyembamba na kutiwa rangi, na chini ya hadubini akaona protini iitwayo tau imejikusanya mahali isipotakiwa. Tangu mwaka 1928 madaktari walikuwa wameandika juu ya mabondia wanaopungukiwa akili kwa ngumi. Kwa wachezaji wa futiboli, hakuna aliyekuwa ameukagua ubongo na kuchapisha alichokiona.

Omalu alichapisha mwaka 2005. Madaktari wa kamati ya ligi waliliandikia jarida wakitaka makala iondolewe.

Hapa ndipo mimi hukwama. Bodi ya mafao ya wachezaji, wanamokaa wajumbe wa wenye timu na wa chama cha wachezaji, ilikuwa imekwisha kukubali mwaka 1999 kwamba Webster alikuwa mlemavu kabisa kwa sababu ya vipigo vya kichwa alivyopata uwanjani. Kwa hiyo ofisi moja ilikuwa na jambo hilo kwenye faili, na kamati nyingine ikamshutumu daktari aliyelionyesha kwa hadubini.

Hata hivyo bodi ilibana mkono: ilidai ulemavu ulianza miaka kadhaa baada ya kustaafu, hivyo ikamlipa kiwango cha chini. Familia iliendelea na kesi. Mahakama iliwapa haki mwaka 2005, bodi ikakata rufaa, na Desemba 2006 rufaa hiyo ikatupwa. Fedha zilizidi dola milioni moja. Webster alikuwa na miaka minne kaburini.