Wakulima wa Jura walioipa Uswisi saa

Mkulima wa pamba wa Bariadi, Simiyu, akishauza mzigo wake, shamba hulala hadi mvua za Novemba. Zaidi ya miaka 300 iliyopita, wakulima wa milima ya Jura, Uswisi, nao walikuwa na miezi ya kukaa, ila wao walifungiwa ndani na theluji. Miezi hiyo ndiyo iliyolea mashine za saa ambazo leo nyingine bei yake inazidi ya nyumba.

Ufundi ulianzia Geneva. Karne ya 16 kiongozi wa dini John Calvin alipiga vita mapambo, masonara wakageukia saa, na Waprotestanti waliokimbia Ufaransa wakaongeza ujuzi. Mwaka 1601 mafundi waliunda chama chao.

Jura inamkumbuka Daniel JeanRichard, aliyezaliwa 1665. Inasimuliwa kwamba mchuuzi wa farasi alipita na saa ya Kiingereza iliyokufa; kijana huyo akaifungua, akaitengeneza, kisha akajifunza kuunda ya kwake. Baadaye kazi ikaenea majumbani: huku wanachonga magurudumu, kule wanapinda springi, na mfanyabiashara anakusanya vyote viunganishwe.

Ndani ya saa ya aina hiyo kuna springi iliyojikunja kwenye kikopo kidogo. Ukiitia ufunguo inakaza. Ikilegea inasukuma magurudumu. Isipozuiwa, nguvu yote huisha mara moja. Kwa hiyo kipo kizuizi kinachoachia jino moja moja, kikifuata gurudumu la mizani linalokwenda na kurudi. Saa nyingi za springi za leo hupiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kila sekunde. Vyuma vyake huzungukia kwenye vitundu vya yakuti visilike, mbinu iliyopewa hataza London mwaka 1704. Nicolas Fatio, mzaliwa wa Basel, alikuwa mmoja wa wenye hataza hiyo.

Simiyu tumeonja wazo linalokaribia hilo, la kila wilaya na bidhaa yake: vijana wa Maswa wakatengeneza chaki, wa Meatu wakasindika maziwa. Jura waligawana hata bidhaa yenyewe, kila nyumba na kipande chake, na kwa maoni yangu utajiri wao ulitoka hapo kuliko kwenye dhahabu ya kasha.

Mji wa La Chaux-de-Fonds ulipoteketea mwaka 1794, ulijengwa upya kwa mitaa iliyonyooka, meza za mafundi zipate mwanga wa madirishani. Karl Marx aliuona mji mzima kama kiwanda kimoja cha saa.