Kisanduku cha Kuazima Hakimjui Babu Yangu

Siku ya mazishi ya babu, binamu yangu alikaa chini ya hema na simu mkononi akitafuta maneno ya marehemu mwenyewe. Yeye ndiye alipewa kazi ya kusoma historia yake. Alijua nimeshaiandika kwa blogu yangu: jinsi babu, akiwa kijana, alivyosukuma toroli za mawe kwenye mgodi wa dhahabu wa Rosterman, hapa tu karibu na mji wa Kakamega. Mimi nilikuwa nimetumwa viti.

Akaandika "machimbo" kwenye kisanduku cha kutafutia. Juu likaja tangazo la kamari. Chini yake: hakuna kilichopatikana. Akajaribu "mchimbaji". Hakuna. Mwendesha ratiba akamwita jina. Akasimama, akasoma mwaka wa kuzaliwa na majina ya watoto, akaketi. Stori ya toroli haikusomwa.

Makala ilikuwepo, maze. Ilikuwepo siku hiyo na iko mpaka leo. Ila kisanduku hakikuwa changu. Nilinakili mistari minne ya msimbo kutoka kwa kampuni fulani ya mbali, nikaibandika kwa ukurasa wangu, bure, nikajiona fundi. Baada ya mazishi ndio nikaanza kuuliza: hii tabia ya kuazima macho ya mtu mwingine ili uone ndani ya nyumba yako ilianza lini?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2004 Daudi Were alianzisha Kenyan Blogs Webring, mnyororo wa blogu za Wakenya. Kila blogu ilikuonyesha njia ya kwenda nyingine. Ilikuwa kama kuulizia boma la mtu kijijini: pita kinu cha kusaga, ukifika kwa kanisa uliza tena. Watu walipatana kwa sababu walikuwa wachache na walijuana.

Lakini blogu ikikaa miaka mitatu inakuwa na makala mia kadhaa, na hapo kuulizia njia hakutoshi. Oktoba 2006 Google ikaleta Custom Search: mtu yeyote angeweza kuweka kisanduku chao kwa tovuti yake, bila malipo, na matangazo yakija pamoja na majibu. Karibu na wakati huo kampuni ndogo ya Boulder, Colorado, iliyoitwa Lijit, ikawapa wanablogu kisanduku cha kutafutia, pia bure. Wengi walikibandika. Mwaka 2011 Lijit ikanunuliwa na Federated Media, kampuni ya matangazo, na 2014 ikawa Sovrn, ambayo kazi yake ni matangazo. Ona vile mambo yalivyokwenda: kilichoanza kama zawadi kwa mwandishi kiliishia sokoni.

Technorati nayo, iliyoanza 2002 na iliyokuwa mahali pa kwanza pa kutafuta ndani ya blogu za dunia, iliacha kazi hiyo mwaka 2014. Usiseme "si wangelipa tu". Google Site Search ilikuwa ya kulipia, na bado ilifungwa tarehe 1 Aprili 2018.

Sisi watu wa Kakamega tusishangae sana. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, watapewa nyingine mahali pake. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana hapa, wazungu wakamiminika. Mwaka 1932 sheria ileile ikabadilishwa, ardhi ya machimbo ikaweza kuchukuliwa bila kufidiwa kwa ardhi. Rosterman ulifungwa 1952, na waliobaki na mashimo ni wenyeji. Sisemi ni mambo sawa. Wale walipoteza mashamba, mimi nimepoteza kisanduku. Lakini somo ni moja: ukijenga juu ya masharti ya mtu mwingine, atayabadilisha wewe ukiwa umeshaezeka paa.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lilimwangusha binamu. Visanduku vingi vilizaliwa ndani ya Kiingereza. Mwaka 1980 Martin Porter wa Cambridge alichapisha kanuni maarufu ya kupunguza maneno ili mashine ijue kwamba maneno kadhaa ni ya shina moja. Kanuni hiyo hukata mkia, kwa sababu Kiingereza hubadilika zaidi mkiani. Kiswahili chetu hubadilika kichwani pia. Nilichimba, wakachimba, tukichimba, mchimbaji, machimbo: hayo yote ni jembe moja, lakini mashine isiyojua Kiswahili inaona watu watano wasio na undugu. Makala yangu ilisema "tulichimba" na "wakachimba". Binamu aliuliza "machimbo". Kisanduku kikajibu kwa ukweli wake wote: simjui huyo.

La tatu linanipa baridi. Unapoandika kwenye kisanduku cha kuazima, swali lako linakwenda kwa mwenye kisanduku. Agosti 2006 AOL ya Marekani ilitoa hadharani maswali takriban milioni 20 ya watumiaji kama 650,000, majina yakiwa yameondolewa na kuwekwa namba. Ndani ya siku chache waandishi wa New York Times walimfikia mama mmoja mlangoni kwake Georgia kwa kufuata tu alichokuwa akitafuta. Sasa fikiria msomaji wako anayetafuta "dalili za mimba" ama "jinsi ya kuacha kamari" kwa blogu yako. Amekuamini wewe. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sheria haiji kukagua ulichobandika usiku wa manane ukiwa na bando la mwisho.

Kuna msee ataniuliza: kwani si mtu aende Google moja kwa moja? Aende, ni sawa. Ila Google haina deni la kuweka kila ukurasa wako kwenye faharasa yake. Na kuna maandishi ambayo tukiyapoteza tumejipoteza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari, Wakenya wengi walikimbilia blogu. Tarehe 3 Januari 2008 Ory Okolloh aliandika kwa Kenyan Pundit wazo la kuweka visa vya vurugu kwenye ramani, na ndani ya siku chache Ushahidi ikazaliwa. Blogu za wiki zile ni kumbukumbu za taifa. Kitu kikiandikwa na kisiweze kupatikana, kwa anayekitafuta ni kama hakikuandikwa.

Basi nilifanya nini? Niling'oa kile kisanduku. Nikarudi kwa kile kinachokuja na WordPress yenyewe, ambacho nilikidharau kwa miaka kwa sababu hakina mbwembwe. Kumbe ni mjinga kwa njia inayotufaa. Hakijui sarufi ya lugha yoyote. Kinatafuta tu herufi ulizoandika, hata kama ziko katikati ya neno. Kwa hivyo nimewaandikia wasomaji pale juu yake: andika shina. Ukiandika "chimb" unapata tulichimba, mchimbaji na machimbo kwa mpigo. Ukiandika "pik" unapata mapishi yote ya shosho, hata kama pikipiki nazo zinaingia humo.

Halafu nikatengeneza ukurasa mmoja wa faharasa kwa mkono, majina na mada kwa alfabeti, kama nyuma ya kitabu. Ilinichukua Jumapili mbili. Hauna msimbo wa mtu, hausomi anachotafuta mgeni, na hakuna kampuni itakayoufunga ikiamka vibaya.

Mwenye blogu kama mimi, usiku wa leo fungua yako, tafuta makala yako ya zamani kwa neno ambalo mamako angetumia, si lile uliloandika wewe. Ikikosekana, shida si mamako.

Nilipomaliza nilimtumia binamu kiungo. Akaandika "chimb". Babu akatokea wa kwanza, toroli na yote. Binamu alisoma mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza, "Mbona hukufanya hivi kabla ya mazishi?"

Mpaka saa hii sijapata la kumjibu.