Shampiona ya wanawake iliyokufa siku tano mbele ya Kombe la Dunia

Bandugu wa promotion, na wadogo wetu ambao bado wako auditoire, leo sitaandika juu ya mahindi. Ao tuseme nitaandika kidogo tu. Mutanisamehe, mutu haendi mbali na kile alichosoma.

Usiku wa tarehe 23 Novemba 2024, kwenye parsele yetu hapa Lubumbashi, hakuna aliyelala mapema. Wanawake wa TP Mazembe walikuwa wamepiga AS FAR ya Rabat 1-0 kule El Jadida, Maroko, nyumbani kwao kabisa, na kombe la mabingwa wa Afrika likawa letu. Mudogo wangu, anayecheza winga wa kuume kwenye ekipe ya kartye, alizunguka parsele na kitenge cha mama kichwani kama bendera.

Kesho yake, kwenye groupe yetu ya WhatsApp, mwenzetu mumoja akaandika: "Félicitations, lakini musijidanganye. Mupira ya banamuke haiwezi kulisha mutu. Hata Amerika kwenye franga iko mingi, balijaribu, ikakufa."

Mudogo wangu alisoma juu ya bega langu. "Yaya, ni kweli?"

Mimi nilikuwa na shida ya ziada. Juma moja mbele, mama alikuwa ameniita pembeni. Mutoto amepata diplome d'État, aache sasa mambo ya mupira, aingie université. Na mimi niliyesoma njo wa kumwambia. Kwa hiyo sikumujibu mudogo wangu siku ile. Nilisema ngoja nisome kwanza. Nikasoma, na nikaona kwamba mwenzetu alisema kweli nusu tu: ndiyo, shampiona ilikufa. Kilichoiua njo kinanifanya niandike.

Jina lake ilikuwa WUSA. Ilizaliwa kwa furaha moja kubwa. Tarehe 10 Julai 1999, kwenye uwanja wa Rose Bowl, California, watu 90,185 walikuja kutazama fainali ya Kombe la Dunia la wanawake, Marekani na China. Ilikuwa 0-0 mpaka penalti, Brandi Chastain akapiga ya mwisho, Marekani ikachukua kombe. Wenye franga walipoona umati ule wakasema: hapa kuna soko. John Hendricks, mwenye kuanzisha Discovery, akakusanya matajiri wa kampuni za televisheni ya kebo, na Februari 2000 shampiona ikatangazwa. Ekipe nane. Ya kwanza duniani ambamo wachezaji wote wanalipwa mushahara.

Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 14 Aprili 2001, Washington. Watu 34,148. Washington Freedom walishinda 1-0 kwa penalti ya Mubrazil Pretinha, nyuma ya Chastain huyu huyu kumwangusha Mia Hamm. Na wachezaji wakubwa walikuja toka kila pembe: Sun Wen wa China, Birgit Prinz wa Ujerumani, Marinette Pichon wa Ufaransa, Homare Sawa wa Japani. Afrika pia ilikuwako, Mercy Akide wa Nigeria alichezea San Diego Spirit.

Sasa musikilize vizuri. Matajiri walikuwa wameweka dola milioni 40, na hesabu yao ilikuwa kwamba zitatosha miaka mitano. Ziliisha kwa mwaka wa kwanza.

Niliposoma mustari ule nilifunga simu, nikatoka inje kidogo. Niwaambie sababu. Nilipomaliza licence nilifanya kazi na koperative moja, sitaitaja, upande wa barabara ya Kasumbalesa. Walipata franga za sezoni tatu. Mimi njo nilishika daftari. Sezoni ya kwanza tukakodi trakta, tukanunua moto mbili, tukapangisha biro na kupaka rangi, tukashona t-shirt za siku ya uzinduzi. Mbolea tukanunua kwa bei ya Novemba, wakati kila mutu anaitafuta. Mahindi yalitoka, siwezi kudanganya, yalitoka mazuri. Lakini sezoni ya pili tulipofungua kisanduku hapakuwa hata na za kununua urée. Na watu wa kijiji walisema nini? Walisema ule udongo ni mubaya. Udongo! Nilikuwa nimeupima mimi mwenyewe.

Kwa hiyo mutu akiniambia "mupira ya banamuke haiwezi", ninasikia ile neno ya udongo.

Turudi Marekani. Sezoni ya pili, 2002, mechi zilihamishwa toka televisheni kubwa kwenda chaneli ndogo iliyoitwa PAX, na wenye kutazama wakapungua. Uwanjani hesabu ya kila mechi, kwa wastani, ilikuwa zaidi kidogo ya watu 8,000 mwaka wa kwanza. Kufika mwaka wa tatu ilikuwa chini ya 7,000. Shampiona ilitaka makampuni makubwa mengi ya kuitegemeza. Hyundai na Johnson & Johnson walikubali. Wengine walisema "tutaona", na tunajua wote "tutaona" ya mwenye franga ina maana gani.

Sezoni ya 2003 njo ninayoipenda, juu kila mutu alijua hali na hata hivyo walicheza. Wachezaji waanzilishi, wale mabingwa wa 1999, walikubali kukatwa mushahara, toka dola 80,000 kwa mwaka kushuka 60,000. Orodha za ekipe zikafupishwa. Hakuna aliyegoma. Boston Breakers walimaliza wa kwanza, na Mujerumani wao Maren Meinert akachaguliwa muchezaji bora wa sezoni. Lakini fainali, tarehe 24 Agosti kule San Diego, iliwakutanisha Washington Freedom na Atlanta Beat. Washington ilikuwa na Mia Hamm, ambaye dunia nzima ilimujua, na kando yake kijana mumoja murefu, Abby Wambach, ambaye dunia ilikuwa bado kumujua. Wambach alifunga mabao yote mawili, la pili katika dakika za nyongeza. 2-1. Uwanja ule ni mudogo, wa université. Hakuna Rose Bowl pale.

Majuma matatu nyuma yake, siku ya kwanza, tarehe 15 Septemba 2003, Hendricks alitangaza kwamba shampiona imesimamishwa. Hasara ya miaka mitatu ilikuwa inakaribia dola milioni 100.

Muangalie kalenda. Kombe la Dunia lilikuwa linaanza tarehe 20 Septemba, na lilikuwa linachezwa Marekani kwenyewe! Lilipaswa kuwa China, likahamishwa sababu ya ugonjwa wa SARS. Siku tano. Shampiona ilifungwa siku tano mbele ya dunia nzima kuja mulangoni. Wachezaji wengi waliingia uwanjani wakiwa wamepoteza kazi juma lile lile. Meinert na Prinz walifunga wote wawili Ujerumani ilipopiga Marekani 3-0 kwenye demi-finale. Kwenye fainali na Sweden, Meinert tena alisawazisha, na Nia Künzer akamaliza na bao la dhahabu, 2-1. Muchezaji bora wa shampiona iliyokufa akabeba Kombe la Dunia bila kuwa na ekipe ya kurudia Marekani. Sijui mutu analala namna gani usiku wa siku kama hiyo.

Sasa, wanaume. Shampiona yao kule, MLS, ilianza 1996, na yenyewe ilikuwa inapoteza franga kama kapu lenye tundu. Mwanzo wa 2002 walifunga ekipe mbili za Florida, Miami na Tampa Bay. Iliokoka kwa nini? Tajiri mumoja, Philip Anschutz, alikubali kubeba ekipe kadhaa peke yake, mwaka baada ya mwaka, akipoteza na kungoja. Hakuna aliyeandika kwamba wanaume wa Marekani hawawezi mupira, hata kama kusema kweli mupira wao wakati ule… tuache. Wanaume walipewa muda wa kupoteza. Wanawake walipewa sezoni tatu.

Lakini sitawatetea wenye WUSA kwa kila kitu. Kutumia franga za miaka mitano kwa mwaka mumoja, huo ni ujinga wa wenye kupanga, si wa wenye kucheza. Walipima soko kwa siku moja ya sikukuu. Watu 90,185 wa fainali ya dunia si watu wa kila siku ya posho. Ni sawa mukulima anayepima mvua yote ya mwaka kwa ile ya kwanza ya Novemba.

Walijaribu tena. WPS ilianza 2009, ikafa 2012, ugomvi wa wenye ekipe na franga tena. Mwaka wa 2013 ikaja NWSL, na safari hii waligeuza hesabu: federasyo ya Marekani, pamoja na ya Canada na ya Mexico, zilibeba mishahara ya wachezaji wa ekipe za taifa. Ekipe zenyewe zilibaki na muzigo mudogo. Ilikuwa na ubaya wake. Mushahara wa chini ulikuwa dola 6,000 kwa sezoni nzima, na wasichana wengine waliishi kwa familia za watu. Minaona hapo wachezaji njo walilipa bei ya usalama wa wengine, na watu wanapoisifu NWSL wanaruka ukurasa ule. Lakini haikufa.

Na hapa kuna kitu ambacho nilimuonyesha mudogo wangu akalia kidogo. Ile tarehe 23 Novemba 2024, siku ile ile ya El Jadida, NWSL ilikuwa na fainali yake Kansas City, kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya ekipe ya wanawake. Orlando Pride 1, Washington Spirit 0. Aliyefunga ni Barbra Banda. Muzambia! Jirani yetu, mutu wa ng'ambo ya mupaka tunakotoa mahindi.

Mama nilimwambia kwamba mutoto ataingia université na atacheza. Hakufurahi. Mudogo wangu nilimweleza yote, na 2003 pia sikuificha. Alinyamaza, akauliza: "Yaya, na ya kwetu ni nani anaibeba?"

Nikamwambia Mazembe inabebwa na mutu mumoja, Moïse Katumbi, sote tunajua.

"Hapana, ya kwetu. Ya kartye."

Basi siku ya mungu tulikaa chini na daftari. Mipira mine. Taksi-bus ya kwenda mechi za inje. Maji. Dawa ya kuchua miguu. Nimekatalia t-shirt, tukagombana saa nzima juu yake, na bado amenuna. Tumegawa kwa sezoni tatu, na ya kwanza imepewa kidogo kuliko zote.