Ngozi ya Mfungwa

Sisi wa Lubumbashi tumezoea mavumbi ya madini. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière lilianza kuyeyusha shaba kando ya mto wetu, na dohani lake lingali lasimama. Katika udongo huu huu hutoka kobalti, nayo yajulikana sana kwa madaktari wa ngozi. Mtu huishika leo, huishika kesho, asipate neno; halafu siku moja mikono yamwasha na kutoka malengelenge. Ngozi yake imekwisha kuihesabu kobalti kuwa adui, na kwa kawaida haisahau tena.

Kitu cha namna hiyo hujulikanaje? Kunako mwaka 1895 Josef Jadassohn, daktari wa Breslau (leo Wrocław, katika Poland), alimwekea mgonjwa zebaki juu ya ngozi isiyo na ugonjwa, aone kama utatokea pale. Ukatokea. Hata leo vibandiko hufungwa mgongoni siku 2, kisha huangaliwa. Hapo hapana lawama, kwa maana anayepimwa ndiye mgonjwa, naye atafutiwa nafuu.

Lakini dawa au sabuni mpya, ambayo bado haijamdhuru mtu? Kwa hiyo walitafutwa watu wenye afya, wakaitwa wenye kujitolea. Katika gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia, Marekani, Daktari Albert Kligman aliwapima wafungwa tangu mwaka 1951 hata 1974, wengi wao watu weusi. Mwaka 1966 alitangaza njia yake. Walitwaliwa watu 25. Ngozi ilichokozwa kwanza kwa kemikali ya sabuni, kisha kitu chenyewe kikafungwa juu yake mara 5, kila mara saa 48. Baada ya kupumzika siku 10 walijaribiwa tena. Utasema, ndugu msomaji, malengelenge si hupona? Hupona, ndiyo. Lakini ngozi iliyokwisha kufundishwa chuki hiyo, mfungwa hutoka nayo gerezani, akaenda nayo kwake na kazini.

Walitia sahihi, wakalipwa. Lakini aliyefungwa, asiye na njia nyingine ya kupata dola chache, amejitolea kweli? Mimi sioni hivyo. Tena mwaka 1947 mahakimu wa Nuremberg, walipowahukumu madaktari wa Hitler, walikuwa wamekwisha kusema kwamba ridhaa lazima iwe huru. Naye Baba Mtakatifu Pio XII, akihutubia madaktari tarehe 14 Septemba 1952, alifika mbali zaidi: mtu si mwenye mwili wake kabisa, amepewa autumie tu. Basi hata ridhaa yake ina mpaka, wala hawezi kumpa daktari haki asiyokuwa nayo mwenyewe. Maneno hayo yalisemwa miaka 14 kabla ya njia ile kutangazwa.

Kligman alikufa mwaka 2010. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikofundisha, kiliomba radhi mwaka 2021, na mji wa Philadelphia mwaka 2022. Baadhi ya wafungwa wale, wazee sasa, walikuwa hai bado wakaisikia.