Kwato za ng'ombe wa Minnesota: kutoka patasi hadi mashine ya umeme

Kwa miaka 122, tangu 1886 hadi 2008, ng'ombe waliuzwa katika soko kubwa la mifugo la South St. Paul, jirani na miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul nchini Marekani. Miongoni mwao walikuwamo ng'ombe wa maziwa walioondolewa zizini mapema, si kwa uzee, bali kwa sababu ya miguu.

Kwa mfugaji wa Kimasai, au Msomali aliyehamia Minneapolis, kumkata ng'ombe kwato huenda likawa jambo geni. Ng'ombe anayetembea malishoni kutwa huzisugua mwenyewe. Lakini Minnesota ina baridi kali. Profesa Theophilus Haecker, aliyefika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1891, aliwahimiza wakulima wafuge kwa ajili ya maziwa na siagi, na ng'ombe hao walipitisha miezi ya baridi wamefungwa bandani. Kwato huota takriban milimita 5 kwa mwezi. Isiposuguliwa, ncha hurefuka, uzito huelemea kisigino, na mnyama huchechemea.

Wakulima wa zamani waliazima vifaa vya seremala na mhunzi. Mguu uliwekwa juu ya ubao, ncha ikakatwa kwa patasi na nyundo, kisha ikalainishwa kwa tupa. Hiyo ilikuwa kurekebisha sura tu, kwani patasi haikufika chini, kwenye wayo, ambako maumivu mengi hukaa. Kisu cha kwato, chenye ncha iliyokunjwa, kilifika, mradi mguu uinuliwe na kisu kiwe kikali. Kisu butu hudai nguvu, na nguvu ndiyo hujeruhi.

Mageuzi makubwa yaliletwa na kipimo, wala si na chuma kipya. Katika miaka ya 1970 daktari wa mifugo wa Kiholanzi, E. Toussaint Raven wa Utrecht, alifundisha kuanza na ukucha wa ndani wa mguu wa nyuma, kuuachia urefu wa sentimita 7.5 kwa mbele, kisha kuusawazisha nao ule wa nje, ambao huota zaidi.

Ndipo ikaenea mashine ya umeme ambayo mafundi wa vyuma huiita grainda. Huokoa muda mwingi, lakini wayo unahitaji unene wa angalau milimita 5, na gurudumu linalozunguka kwa kasi halimwonyi mtu. Tena, ng'ombe wamekuwa wakubwa: mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba sentimita 7.5 ni fupi mno kwa wengi, wakapendekeza 9.

Mabanda ya Kiambu na viunga vya Nairobi, ambako ng'ombe wa maziwa huletewa majani asitoke nje, yana tatizo lile lile la Minnesota. Huko kisu na tupa bado vinatosha. Fundi hodari hukata kidogo, akabonyeza wayo kwa kidole gumba, akakata tena. Ukibonyea, huweka kisu chini.