Kufufua Sno-Cat: somo kwa sisi tunaorithi kodi za kale

Nimepotea wiki mbili, mniwie radhi. Nimekabidhiwa programu ya zamani ya ushirika mmoja wa wakulima wa maziwa. Aliyeiandika aliondoka kitambo bila kuacha maelezo, na mkubwa wangu anataka tuitupe tuanze upya. Usiku mmoja nikiwa nimekwama, nikajikuta nasoma habari za mafundi wanaofufua magari ya kale ya theluji. Ndiyo, theluji! Mimi ile ya Mlima Kenya nimeiona kwa mbali tu. Lakini kisa hiki kina mguu mmoja hapa kwetu, kwa hivyo nivumilieni.

Mnamo 1934 mwanajiolojia Mwingereza, Vivian Fuchs, aliongoza msafara wa utafiti kwenye Ziwa Rudolf, ambalo tangu 1975 tunaliita Turkana. Wenzake wawili walivuka maji kwenda Kisiwa cha Kusini, wasionekane tena. Zaidi ya miaka 20 baadaye, Fuchs huyo huyo ndiye aliyeongoza msafara wa kwanza kuvuka bara la Antaktika kwa nchi kavu, kutoka pwani hadi pwani. Magari aliyoyategemea zaidi yaliitwa Sno-Cat, kazi ya kampuni ya Tucker ya Medford, jimbo la Oregon, Marekani.

Sasa tuingie kwenye mashine yenyewe. Katapila mnayoijua ina minyororo miwili. Kukata kona, dereva hupunguza mwendo wa mnyororo mmoja, nayo inajiburuta upande ule. Kwenye theluji laini, kujiburuta huko ni kujichimbia shimo. Sno-Cat za Fuchs zilikuwa na minyororo minne. Kila mmoja ulizunguka chombo mfano wa kimtumbwi kilichofungwa kwenye ncha ya ekseli, na kila kimtumbwi kiliweza kuinama na kuinuka peke yake kufuata ardhi. Dereva akigeuza usukani, ekseli nzima iligeuka pamoja na vimtumbwi vyake, ya mbele upande huu na ya nyuma upande ule. Minyororo yote minne iliendelea kuvuta hata kwenye kona. Injini ilikuwa Chrysler V8.

Walitoka kambi ya Shackleton tarehe 24 Novemba 1957. Adui mkubwa hakuwa baridi, bali nyufa za barafu zilizofunikwa na theluji, huwezi kuziona mpaka umezikanyaga. Picha maarufu zaidi ya safari hiyo ni ya Sno-Cat iliyoitwa Rock 'n Roll, gari la Fuchs mwenyewe, likiwa limening'inia juu ya ufa na kimtumbwi kikielea hewani. Liliokolewa kwa kuvutwa na magari mengine. Mainjinia wawili, David Pratt na Roy Homard, waliyatengeneza magari hayo palepale kwenye upepo. Edmund Hillary, aliyetangulia kufika Ncha ya Kusini kwa matrekta ya Ferguson, alimshauri Fuchs akatishe safari na kuimalizia msimu mwingine. Fuchs akakataa. Tarehe 2 Machi 1958 waliingia kambi ya Scott baada ya siku 99 na maili 2,158. Magari ya aina nyingine yaliachwa njiani, lakini Sno-Cat zote nne zilifika.

Moja ya hizo ni mali ya Canterbury Museum, mjini Christchurch, New Zealand. Na hapa ndipo penye swali lililoninyima usingizi: ukipewa gari kama hilo, unalifufua hadi liwe vipi? Unyooshe kila bonde, upake rangi mpya ya chungwa, ling'ae kama lilivyotoka kiwandani? Ukifanya hivyo umepata gari zuri, lakini umefuta safari. Lile bonde ndilo ushahidi.

Sno-Cat iliyolala miaka shambani kwa mtu ni habari nyingine. Hiyo unaweza kuifufua itembee, ila kwa utaratibu. Fundi mzuri hapigi stata siku ya kwanza. Anapiga picha kila kitu kabla ya kufungua nati hata moja. Anamimina mafuta kidogo kwenye silinda na kuizungusha injini kwa mkono, ajue kama imeshika. Anasafisha tangi na kabureta, anakagua nyaya zilizotafunwa na panya, kisha vimtumbwi na minyororo, maana huko chuma husagana na chuma. Kipuri anachokitoa anakiandika jina na kukitunza, hata kama kimeoza. Kesho atakuja mtu mwingine kuuliza kilikuwaje.

Kesho yake nilirudi kwenye ile programu kwa macho mengine. Kulikuwa na mistari kama kumi niliyoiona ya kijinga, nikawa tayari kuifuta. Nilipoifuatilia polepole, nikagundua ilikuwa inazuia mkulima mwenye namba mbili za uanachama asikatwe pesa mara mbili. Ningeifuta, kuna mzee mahali angepokea malipo pungufu ya maziwa yake mwisho wa mwezi, na asijue kwa nini. Mistari ile ilikuwa bonde kwenye bati. Kuna ufa mtu aliupita pale.

Sisemi tusiandike upya. Fuchs naye aliyaacha magari yaliyochoka. Lakini nimemwomba mkubwa anipe mwezi mmoja wa kupiga picha kabla ya kufungua nati. Bado hajajibu. Nimeanza hata hivyo, jioni baada ya kazi, nikiandika kila mstari unafanya nini na unamlinda nani.

Haya, nirudi gereji. Tuonane wiki ijayo.